Gesi ya injini ya jeti inavyoongeza au kupunguza ukinzani wa hewa

Ukikaa na watu wanaosubiri wageni wao Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, hutakosa kusikia ubishi juu ya moshi wa ndege. Mmoja atasema gesi inayotoka nyuma inaisukuma hewa ya nje, ndiyo maana ndege inakwenda. Mwingine atasema moshi mweusi wa ndege za zamani ni mzigo unaoivuta ndege nyuma. Wa tatu ataonyesha mstari mweupe angani wakati wa kiangazi na kudai kuwa injini ile inamwaga mafuta. Kauli zote tatu zina kasoro, lakini zinagusa swali zuri ambalo wahandisi wamelishughulikia kwa miongo mingi: gesi ikishatoka nje ya injini, je, bado ina uwezo wa kuisaidia ndege au kuizuia? Uwezo huo upo, na ukubwa wake unategemea gesi yenyewe ikoje: joto lake, shinikizo lake, kasi yake, na vitu vilivyomo ndani yake.

Tuanze na maneno. Ndege iliyo angani inashikwa na kani nne. Uzito unaivuta chini. Kani ya kuinua, inayotoka hasa kwenye mabawa, inaibeba. Msukumo wa injini unaipeleka mbele, na ukinzani wa hewa unaizuia. Ndege ikiwa katika mwendo usiobadilika, haipandi wala haishuki, msukumo na ukinzani vinalingana. Boeing 737 yenye tani 65, ikiwa katika mwendo wa safari, huwa na kani ya kuinua kubwa kama mara 17 kuliko ukinzani. Gawa 65 kwa 17 utaona kwamba injini zake mbili zinapambana na ukinzani unaolingana na uzito wa karibu tani 4. Kila sehemu ndogo ya tani hizo nne inalipiwa kwa mafuta, saa hadi saa.

Ukinzani una asili kadhaa. Kuna msuguano wa hewa kwenye ngozi ya ndege. Kuna ule unaozaliwa na bawa lenyewe linapotengeneza kani ya kuinua. Karibu na kasi ya sauti, mawimbi ya mshtuko yanaongeza yake. Halafu kuna ukinzani wa shinikizo, yaani tofauti kati ya hewa inavyosukuma sehemu ya mbele na inavyosukuma sehemu ya nyuma ya kitu. Huu wa mwisho ndio unaoguswa zaidi na gesi ya injini.

Ili kuuelewa, tazama kamiyo, yaani lori, iliyobeba shaba ikipita barabara ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, mwezi wa nane, vumbi likiwa limetanda. Karatasi na vumbi haviachwi nyuma mara moja. Vinaifuata kamiyo, vinazungukazunguka nyuma ya trela, vingine vinagonga kabisa ubao wake wa nyuma. Hewa iliyopasuliwa na kichwa cha gari haiwezi kukata kona kali pale trela inapoishia, kwa hiyo nyuma yake panabaki nafasi yenye shinikizo dogo. Mbele hewa inasukuma kwa nguvu, nyuma inasukuma kidogo, na dereva anailipia tofauti hiyo kwa mazutu, yaani dizeli. Kama ile nafasi ingejazwa na kitu, hewa ya pembeni ingepita bila kuangukia ndani, na kamiyo ingevutwa nyuma kidogo zaidi. Injini ya jeti inabeba kitu cha aina hiyo kila wakati inapofanya kazi, nacho ni mkondo wa gesi yake.

Nini hasa kinatoka nyuma

Watu wengi wanafikiri kinachotoka ni moshi. Kwa kweli ni hewa kwa sehemu kubwa. Injini huvuta hewa mbele, huibana, huichanganya na kerozeni na kuiwasha, huipitisha kwenye turbini, yaani gurudumu la mapanga, ili izungushe vibanio vya mbele, kisha huiachia kupitia mdomo wa nyuma ambao umefinywa ili gesi iongeze kasi. Katika kiini cha injini, kilo moja ya mafuta huchanganywa na takriban kilo 50 za hewa. Kwa hiyo robo tatu ya gesi ya moto inayotoka kwenye kiini ni nitrojeni iliyoingia na kutoka bila kuungua, kuna oksijeni iliyobaki, na asilimia chache tu ni kaboni dioksidi na mvuke wa maji. Kila kilo ya kerozeni iliyoungua hutoa kama kilo 3.16 za kaboni dioksidi na kilo 1.24 za maji. Uzito huo unazidi kilo moja kwa sababu oksijeni ya hewa imeungana na mafuta.

Injini za ndege za abiria za leo zina mikondo miwili. Feni kubwa ya mbele husukuma hewa nyingi ipite nje ya kiini bila kuunguzwa. Hiyo ni baridi. Ndani yake hupita mkondo wa kiini ulio wa moto, ambao mdomoni huwa na nyuzi kama 400 hadi 600 za Selsiasi. Katika injini za CFM56 zinazobeba Boeing 737 nyingi, kila kilo moja inayopita kwenye kiini inaambatana na kilo 5 hivi zinazopita pembeni. Katika injini za JT8D za Boeing 727 na 737-200, ndege zilizozoeleka sana katika anga la Afrika, uwiano ulikuwa karibu kilo moja kwa moja. Hapo ndipo ilipo sababu kubwa ya ulaji wa mafuta wa ndege zile. Msukumo ule ule unaweza kupatikana kwa kutupa hewa kidogo kwa kasi kubwa au hewa nyingi kwa kasi ndogo. Ukiongeza hewa mara mbili na kupunguza nusu ya kasi unayoiongezea, nishati inayopotea kwenye mkondo inakuwa nusu.

Vipi kuhusu kusukuma hewa ya nje? Msukumo unazaliwa ndani ya injini. Injini inailazimisha gesi iende nyuma kwa kasi kuliko ilivyoingia, na gesi inajibu kwa kuisukuma injini mbele, kwenye vipande vya feni, kwenye kuta za chumba cha kuunguzia na kwenye sehemu nyingine za ndani. Roketi hufanya hivyo hivyo mahali pasipo na hewa kabisa. Hewa iliyoko nyuma haihitajiki ili msukumo uwepo. Lakini hewa iliyoko pembeni mwa mdomo ina habari yake.

Mambo mawili yanayopingana

Kasha la injini, yaani lile ganda la nje, halikatwi wima nyuma. Linachongoka polepole kuelekea mdomoni, ili hewa ya nje iweze kujifunga tena bila kuachana na ngozi. Hewa ikijifunga vizuri kwenye mchongoko huo, shinikizo lake linapanda tena na kuusukuma mchongoko mbele, jambo ambalo ni faida. Ikishindwa kujifunga, inaachana na ngozi, shinikizo linabaki chini, na unapata hali ya ile trela. Wabunifu hupenda mchongoko mfupi kwa sababu ni mwepesi, ila mchongoko mfupi una pembe kali, na pembe kali ndiyo inayoiponza hewa. Pembe ya nyuzi 10 kwa kawaida inavumilika. Kwenye nyuzi 20 mambo huwa magumu, hasa ndege inapokaribia kasi ya sauti.

Sasa mkondo wa gesi unatoka mahali pale pale mchongoko unapoishia, na unafanya mambo mawili kwa wakati mmoja.

La kwanza ni kuvimba. Gesi ikitoka mdomoni ikiwa na shinikizo kubwa kuliko la hewa ya nje, inatanuka mara tu inapopata uhuru. Mkondo unakuwa mnene kuliko mdomo uliotoka. Hewa ya nje inayoshuka kwenye mchongoko inakuta njia imezibwa na umbo hilo nene, inalazimika kupinda, inapunguza kasi, na shinikizo lake linapanda. Ongezeko hilo la shinikizo linasikika hadi juu ya mchongoko wenyewe na kuusukuma mbele. Ukinzani unapungua.

La pili ni kukokota. Gesi inayotoka ina kasi kuliko hewa inayopita nje. Mahali zinapogusana panatokea vurugu ya mchanganyiko, na chembe za hewa ya nje zinanyakuliwa na kuburutwa pamoja na mkondo. Hewa iliyonyakuliwa lazima itoke mahali fulani, nayo inatolewa kwenye eneo la karibu na mdomo. Shinikizo pale linashuka, na mchongoko unavutwa nyuma. Ukinzani unaongezeka.

Kuvimba kunapunguza ukinzani, kukokota kunauongeza, na matokeo yanategemea ni kipi kimeshinda. Ndiyo maana haiwezekani kuutaja ukinzani wa sehemu ya nyuma ya injini kwa namba moja tu. Unabadilika rubani anaposogeza mkono wa nguvu, ule wa kuongeza au kupunguza nguvu ya injini. Wahandisi wakipima, kwa kawaida hupata mwenendo huu: injini ikiwa haitoi kitu, ukinzani ni mkubwa kwa sababu nafasi ya nyuma iko wazi, gesi kidogo ikianza kutoka taratibu, inajaza nafasi hiyo na ukinzani unashuka, kasi ya gesi ikiendelea kupanda, kukokota kunachukua nafasi na ukinzani unapanda tena, kisha shinikizo likizidi, mkondo unavimba na ukinzani unashuka kwa mara nyingine. Mtu aliyepima katika sehemu moja tu ya mwenendo huo anaweza kusema kwa uhakika kwamba gesi inaongeza ukinzani, na mwenzake aliyepima kwingine akaapa kwamba inaupunguza. Wote wawili wana vipimo sahihi.

Mkondo unaanza kuvimba lini? Mpaka upo. Kwa hewa ya kawaida, shinikizo la ndani ya mdomo likizidi lile la nje kwa mara 1.89, gesi inafikia kasi ya sauti pale penye finyo, na haiwezi kupita hapo kwa kasi zaidi. Shinikizo linalobaki linatoka nalo nje, kisha linajiachia kwa kutanuka. Chini ya mpaka huo mkondo unatoka ukiwa umenyooka, una shinikizo sawa na la nje, na kinachobaki ni kukokota tu. Tukokotoe kwa ndege ya abiria iliyo kwenye kimo cha kilomita 11 na kasi ya 0.8 ya sauti. Mwendo wenyewe wa ndege unaibana hewa inayoingia kama mara 1.52. Feni ikiibana tena mara 1.6, mdomo wa nyuma unapata mara 2.4 ya shinikizo la nje. Umevuka mpaka, mkondo unavimba. Feni ile ile, ndege ikiwa ndiyo kwanza inaanza kukimbia kwenye njia ya Luano, ina mara 1.6 pekee, kwa kuwa mwendo bado haujachangia kitu. Hapo mkondo umenyooka.

Sifa za gesi yenyewe

Mpaka hapa tumezungumza juu ya shinikizo. Lakini gesi mbili zenye shinikizo sawa zinaweza kuwa na tabia tofauti, na hapa ndipo watu wengi, hata wenye elimu ya ufundi, hupotea.

Joto ni la kwanza. Kasi ya sauti ndani ya gesi inategemea joto lake. Hewa ya nyuzi 27 ina kasi ya sauti ya mita 347 kwa sekunde. Gesi ya injini yenye nyuzi 527 ina karibu mita 550. Zote mbili zikitoka kwenye mdomo uleule kwa shinikizo lilelile, zikiwa zimefikia kasi ya sauti, ile ya moto inakwenda kasi zaidi ya mara moja na nusu. Wakati huo huo ni nyepesi zaidi, kwa hiyo kilo zinazopita mdomoni kwa sekunde zinapungua hadi kama sita katika kumi. Nguvu ya mwendo inakaribia kuwa sawa, lakini namna mkondo unavyochanganyika na hewa ya pembeni si ile ile tena.

Ya pili inaitwa gama. Gesi inapopashwa joto, nishati haiendi yote kwenye mbio za molekuli. Nyingine inaingia ndani ya molekuli, zikajizungusha na kutetemeka. Gama ni namba inayoeleza mgawanyo huo. Hewa ya kawaida ina 1.40. Gesi ya injini, kwa sababu ya joto na kwa sababu ya kaboni dioksidi na mvuke uliomo, ina karibu 1.33, na katika ndege za kivita zinazounguza mafuta ya ziada nyuma ya turbini inashuka chini zaidi. Gama ikishuka, gesi ya shinikizo lilelile inatanuka zaidi inapotoka, kwa hiyo mkondo unakuwa mnene zaidi. Hata ule mpaka wa 1.89 unashuka hadi kama 1.85 kwa gama ya 1.33.

Ya tatu ni uzito wa molekuli zenyewe. Kwa kerozeni haina makali, kwa kuwa gesi inayotoka ina molekuli zenye uzito wa wastani unaokaribiana sana na wa hewa. Athari yake ingekuwa kubwa kama gesi ingejaa mvuke wa maji, kwa sababu molekuli ya maji ina uzito wa 18 dhidi ya 29 ya wastani wa hewa.

Haya yana uzito mkubwa kwenye majaribio. Ndege mpya hupimwa kwanza kama mfano mdogo ndani ya handaki la upepo, yaani bomba kubwa linalopulizwa hewa. Kuwasha injini halisi ndani ya mfano wenye upana wa sentimita chache ni kazi ngumu na ya hatari, kwa hiyo njia rahisi ni kupitisha hewa baridi ya kompresa kwenye mdomo wa mfano, kwa shinikizo lilelile ambalo injini ingekuwa nalo. Kwa miaka mingi ilichukuliwa kwamba shinikizo likilingana, mambo yamekwisha. Katika miaka ya 1970 watafiti wa NASA, shirika la anga la Marekani, waliipima dhana hiyo kwa kubadilisha gesi. Walitumia hewa, na gesi nyingine zilizofika hadi kelvini 1,013, yaani nyuzi 740 za Selsiasi, zenye gama iliyoshuka hadi 1.26. Gesi ya aina hiyo unaipata kwa kuvunja peroksidi ya hidrojeni: kimiminika hicho kikipita kwenye wavu wa fedha kinageuka kuwa mvuke na oksijeni ya moto, bila haja ya chumba cha kuunguzia. Walipata kwamba kwenye mchongoko mkali na kasi za karibu na sauti, hewa baridi inaweza kuonyesha ukinzani wa sehemu ya nyuma uliozidi ule wa gesi ya jeti kwa hadi asilimia 20. Mkondo baridi unavimba kidogo na kuchanganyika kivingine, hivyo mchongoko unaonekana mbaya kuliko ulivyo.

Mtu anaweza kusema kosa la upande huo halidhuru, kwani ndege halisi itakuwa bora kuliko ilivyotabiriwa. Mimi siliitikii hilo. Mbunifu anayelinganisha michongoko miwili kwa hewa baridi anaweza kuuacha mfupi na mwepesi kwa sababu tu umeonyesha namba mbaya isiyo yake, na ndege ikabeba chuma cha bure kwa miaka thelathini.

Nani analipia hasara hii

Kampuni moja inatengeneza injini, nyingine inatengeneza ndege. Msukumo ni ahadi ya ile ya kwanza, ukinzani ni ahadi ya ile ya pili. Ukinzani unaobadilika kwa mkono wa nguvu uwekwe upande gani? Utaratibu unaotumika ni kuchagua hali moja ya rejea, kwa mfano nguvu ya kawaida ya safari. Ukinzani wa hali hiyo unaandikwa kwenye hesabu ya ndege. Mabadiliko yoyote yanayoletwa na injini kuongezwa au kupunguzwa yanaandikwa kwenye hesabu ya msukumo. Hesabu hii isipowekwa wazi tangu mwanzo, hasara ileile inaweza kuhesabiwa mara mbili, au ikasahauliwa kabisa, na ndege ikatoka kiwandani ikiwa haifikishi umbali ulioahidiwa.

Ukubwa wa jambo unatofautiana. Katika ndege ya kivita, injini imezikwa ndani ya mwili na sehemu yote ya nyuma ni mchongoko na mdomo. Hapo ni suala zito, na ni moja ya sababu za midomo yao kufunguka na kujifinya kwa vibao vinavyosogea. Katika ndege ya abiria injini zinaning'inia chini ya mabawa na fungu lake ni dogo. Dogo bado lina bei. Kutoka Lubumbashi hadi Kinshasa ni kama kilomita 1,550 kwa mstari ulionyooka. Boeing 737 inayotumia tani 2.5 kwa saa, ikiruka saa mbili na robo, inaunguza kama tani 5.6. Asilimia moja ni kilo 56 kwa safari moja ya kwenda.

Mkondo una njia nyingine ya kuongeza ukinzani, nayo ni kusugua. Hewa ya feni inatoka kwa mita 300 na zaidi kwa sekunde wakati ndege inakwenda mita 236. Mkondo huo unapita juu ya ganda la kiini na juu ya nguzo inayoishikilia injini chini ya bawa. Msuguano unakua takriban kwa mraba wa kasi, kwa hiyo sehemu zilizo ndani ya mkondo zinasuguliwa zaidi ya nusu tena kuliko zilizo nje yake. Kila bolti iliyochomoza hapo, kila kiungo kilichopishana milimita mbili, kina gharama kuliko kingekuwa nacho kwenye mwili wa ndege.

Ndege za pangaboi hazikosi habari hii, na mashariki ya Kongo ndizo zinazofanya kazi kubwa: Let 410, Caravan na nyinginezo. Injini zao nyingi zinaingiza hewa kwa nyuma na kuitoa karibu na mbele, ndiyo maana mabomba ya moshi unayaona jirani na panga. Bomba likielekezwa nyuma, gesi inatoa msukumo wa ziada. PT6A-27, mojawapo ya injini za aina hiyo, inatoa nguvu ya farasi 680 kwenye shafti, na 715 ukihesabu na msukumo wa bomba. Bomba likichomoza sana nje, au likiwa limepinda vibaya baada ya matengenezo, faida hiyo inaliwa na ukinzani wa bomba lenyewe.

Joto la Luano, moshi mweusi na mstari mweupe

Kuna imani kwamba siku ya joto kali gesi inatoka ikiwa ya moto zaidi, hivyo msukumo unakuwa mkubwa. Kinachotokea ni kinyume. Luano iko kwenye kimo cha karibu mita 1,300. Mwezi wa kumi, joto likiwa nyuzi 33, mita moja ya ujazo ya hewa pale ina uzito wa karibu kilo 0.99, wakati usawa wa bahari kwa nyuzi 15 ni kilo 1.225. Injini inameza hewa pungufu kwa asilimia 20 hivi katika kila mita ya ujazo. Ukinzani nao unapungua kwa kiasi hicho kwa kasi ileile, lakini na kani ya kuinua pia imepungua, hivyo ndege inabidi ikimbie kasi zaidi kwa kama asilimia 11 kabla ya kunyanyuka. Msukumo mdogo na kasi kubwa inayohitajika ndivyo vinavyomlazimu rubani kutumia sehemu ndefu ya njia ile ya mita 3,200, au kupunguza mizigo.

Moshi mweusi ni masizi, kaboni ambayo haikuungua. Uzito wake ukilinganishwa na hewa inayopita ni kidogo mno, haubadilishi gama wala joto kwa kiasi cha kuhisiwa, na hauivuti ndege. Unaonyesha chumba cha kuunguzia cha muundo wa zamani, chenye mifuko ya mafuta mengi na hewa chache.

Mstari mweupe ni ule mvuke wa kilo 1.24 kwa kila kilo ya mafuta. Juu kwenye baridi ya chini ya nyuzi 40 za hasi, mvuke unagandia kwenye vijichembe na kuwa barafu. Kiangazi cha Katanga hakina mawingu ya kuuficha, basi tunauona vizuri kutoka chini. Mstari huo hauwezi kuivuta ndege hata ukiwa mrefu wa kilomita 50. Shinikizo linaloathiri kasha la injini ni la eneo la karibu sana na mdomo, upana wa midomo michache kurudi nyuma. Kinachotokea mbali zaidi hakirudi kuigusa ndege.

Imani moja ni ya hatari kuliko hizo, kwa kuwa unaisikia hata kwa watu walio karibu na kazi: kwamba injini ikizimika angani, unapoteza msukumo wake tu. Injini iliyozimika inageuka kuwa ukinzani. Hewa inayoingia inazungusha feni bila faida, nyingine inakataa kuingia na kumwagika pembeni ya mdomo wa mbele, na nyuma hakuna mkondo wa kujaza nafasi, kwa hiyo mchongoko unavutwa. Juu ya hayo, msukumo uliobaki upande mmoja unataka kuigeuza ndege, na rubani analazimika kukunja usukani wa mkia, ambao nao unaleta ukinzani wake. Ndiyo maana ndege ya injini mbili ikipoteza moja, uwezo wake wa kupanda unashuka kwa zaidi ya nusu. Ukipanda kwa msukumo wa 10 dhidi ya ukinzani wa 5, una 5 za ziada; ukibakiwa na msukumo wa 5 dhidi ya ukinzani uliopanda hadi 6, unashuka. Ili ndege kubwa ya injini mbili ipewe kibali cha kubeba abiria, lazima ionyeshe kwamba injini moja iliyobaki inatosha kupanda hata hapo, na uzito wa kuondokea Luano mchana wa mwezi wa kumi unakokotolewa kwa kuanzia hapo.

Kwa mafundi, kinachoharibu nyuma ya injini mara nyingi ni vitu vidogo: raba ya kuziba kwenye kifaa cha kugeuza msukumo imechakaa na hewa ya feni inavuja pembeni, koni ya katikati ya mdomo imebonyea, kingo za kasha hazikutani sawasawa baada ya kufungwa. Uvujaji wa pembeni unapoteza msukumo, na pia unaisukuma hewa ya nje iachane na mchongoko mapema. Dalili yake kwenye chumba cha rubani ni mafuta yanayopungua haraka kuliko hesabu, huku joto na mizunguko ya injini vikionekana vya kawaida. Ukaguzi wake hauhitaji kompyuta: tochi, mkono unaopitishwa kwenye kingo injini ikiwa imepoa, na macho yanayotafuta michirizi ya masizi mahali ambapo gesi haikupaswa kupita.